Kabla Hujanunua Pistoni Nyingine ya AG100

Pistoni ya injini ya tu-stroki, yaani ya mipigo miwili, haifi hivi hivi. Ikishika, yaani ikikwama, ndani ya bloku, kuna kilichoishikisha: hewa inayoingia pasipostahili, oili iliyopungua, au vumbi lililopenya kwenye filta. Usipokitafuta hicho kwanza, pistoni mpya utakayofunga leo itakufa kifo kile kile. Jambo hili linaniuma, maana hapa Busia huwa naletewa pikipiki ya AG100 ambayo mwenyewe ameihangaikia sana. Amesafiri hadi Kampala, amepata pistoni kwa bei ya kuumiza, na kabla mvua za msimu mmoja hazijaisha injini imeshika tena.

Nazungumzia pikipiki za zamani kama Yamaha AG100 na DT125, Suzuki A100 na ndugu zao. Wengi wetu tuliziona kwanza kwa bwana shamba, kwa padri au kwa mhudumu wa afya. Siku hizi barabara zimejaa Boxer na TVS, na spea zake ziko kila kituo cha biashara. Sizikatai. Lakini AG100 haina valvu za kichwani wala kamshafti. Ukiwa na spana chache na mkeka unaifungua chini ya mwembe na kuirudisha siku hiyo hiyo, na chombo cha namna hiyo kinastahili kutunzwa.

Tuanze na spea. Usiitafute kwa jina la pikipiki, itafute kwa namba na kwa kipimo. Ukifika Kisekka, soko la spea kule Kampala, ukasema unataka "pistoni ya Yamaha mia", huenda ukapewa ya RX100, na muuzaji atakuapia kwamba ni zile zile kwa kuwa zote ni Yamaha na zote ni za mia. Si zile zile. Silinda ya RX100 ina kipenyo cha mm 50, ya AG100 ni mm 52. Kwa hiyo nenda na pistoni ya zamani mfukoni na venia (rula ya kupimia kipenyo) mkononi, upime palepale dukani kabla ya kutoa pesa.

Namba za Yamaha nazo zina utaratibu wake. Sehemu ya kwanza, yenye herufi au tarakimu tatu, hutaja modeli; tarakimu tano zinazofuata hutaja kifaa chenyewe. 11631 ni pistoni ya kipimo cha kiwandani, 11635 imeongezwa mm 0.25, na 11636 imeongezwa mm 0.50. Suzuki huandika 12110 kwa pistoni, na namba ikiishia na 050 ujue imeongezwa mm 0.50. Ukilijua hilo, hata ukiagiza kwa simu kutoka Kirinyaga Road kule Nairobi, au kwa mtu wa Japani anayeuza spea zilizobaki ghalani, hakuna wa kukuchanganya.

Beringi na sili (mipira inayozuia hewa na oili kupenya) ni habari nyingine, na hapa watu wengi hujitesa bure. Beringi ya kranki, ile ekseli inayozungushwa na pistoni, ina namba ubavuni, kama 6204 au 6205, na duka linalouzia wenye mashine za kusaga linaweza kuwa nayo. Dai yenye alama ya C3, kwa sababu imeachiwa nafasi ya ziada chuma kinapotanuka kwa joto. Sili nyingi pia zimeandikwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Viandike kwenye daftari kabla hujaitupa ile ya zamani.

Kuna pia injini zilizolala nyuma ya zahanati, parokia na ofisi za miradi iliyokwisha. Muulize mwenye mamlaka, lipa, chukua risiti. Kabla ya kulipa, fungua bloku ushike konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki: ikiyumba kidogo kushoto na kulia si neno, lakini ikicheza juu na chini hata kidogo, beringi ya chini imekwisha na bei lazima ishuke.

Sasa nirudi kwa muuaji. Ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, nitasema sili za kranki, kabla ya pistoni. Injini ya tu-stroki hupitisha hewa na petroli chini, kwenye nyumba ya kranki, ndipo hupanda juu. Sili ya upande wa magneto, inayotoa umeme wa plagi, ikichoka, hewa tupu huingia pale. Mchanganyiko unapungua petroli, joto linapanda, plagi inatoka nyeupe, na injini inaendelea kuvuma hata ukiachia moto, yaani akselereta. Watu hufurahi wakidhani imepata nguvu, kumbe iko karibu kushika. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini hunyonya oili ya gia boksi: moshi unazidi na oili inapungua wala huoni inapovujia.

Nina njia ya kupima isiyohitaji karakana. Tafuta pampu ya zamani ya kupimia presha ya damu. Ziba tundu la eksozi na la kabureta kwa mpira uliokatwa vizuri na kubanwa, unganisha pampu, jaza polepole mpaka mshale ukaribie 300, kisha subiri dakika 6. Mshale ukibaki pale pale, injini haivuji. Ukishuka, paka povu la sabuni kwenye viungo, gasketi na sili ya magneto, utaona inapopumulia. Hakuna kipimo ninachokiamini kuliko hiki, na sifungi pistoni ya mtu bila kukifanya.

Oili. Watu wa Majanji wanatumia oili ya injini za mashua, yenye alama TC-W3, na ni rahisi kupatikana kwa wavuvi. Ni nzuri kwa mashua, kwa sababu injini ile inapozwa na maji ya ziwa. Pikipiki yetu inapozwa na upepo na ina joto kali zaidi. Itafutie oili ya tu-stroki yenye alama ya JASO FC au FD. Ukichanganya moja kwa hamsini, ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Moja kwa thelathini na tatu ni mililita 30. Pima kwa bomba la sindano la hospitali, usikisie kwa kifuniko cha chupa. Kama pampu ya oili ya Yamaha, ile inayoingiza oili yenyewe, bado ni nzima, mimi naiacha ifanye kazi yake, ila natoa hewa kwenye mpira wake na kuhakikisha waya wake umekaa kwenye alama. Fundi akikwambia ameing'oa, uliza kama aliziba tundu lake, na tangu siku hiyo changanya mwenyewe.

Tena, unapotumia mchanganyiko, usishuke mlima mrefu kama ule wa Kapchorwa ukiwa umefunga moto kabisa na gia imeingia. Petroli ikikatika, oili nayo imekatika. Bana klachi mara kwa mara, piga moto kidogo.

Filta ya sponji ioshwe kwa sabuni, ikauke, ilowe oili, ikamuliwe. Vumbi la barabara zetu za marram halisamehe filta kavu.

Ikifika siku ya kuchonga bloku, yaani kuipanua ifuate pistoni iliyoongezwa, nunua pistoni kwanza, halafu umpelekee mchongaji vyote viwili pamoja. Asichonge kwa kuamini maandishi ya boksi. Apime pistoni yenyewe na kuiachia nafasi inayotajwa na kitabu cha pikipiki yako, ambayo kwa injini ndogo kama hizi huwa karibu na mm 0.04. Akimaliza, mwombe alainishe kingo za matundu ya ndani. Kingo kali hukamata ringi na kuivunja, na wachongaji waliozoea bloku za mipigo minne hawalifikirii hilo. Osha bloku kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha paka oili mara moja. Mshale wa pistoni uelekee eksozi, ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake, na klipu za pini ziwe mpya.

Tangi la kwanza endesha bila abiria na bila mzigo, ukibadilisha mwendo badala ya kushikilia moto mmoja. Injini ikipoa kabisa, kaza tena nati za kichwa kwa msalaba, kisha toa plagi uangalie rangi. Ikiwa kahawia kama chai ya maziwa, mpakie abiria.