Msigombanie Asubuhi ya Idi

Ramadhani ikishaingia kumi la mwisho, na watu wamejaa Biashara Street hapa Mombasa kutafuta nguo za watoto, huwa naulizwa swali lile lile na rafiki zangu walioolewa na waume wenye watoto: Idi hii watoto watakuwa kwa nani, na sisi tutaifanya vipi? Nami yamenikuta. Nimeolewa mara ya pili. Nilikuja na wanangu wawili, baba yao ni marehemu, Mungu amrehemu. Mume wangu ana watatu, na mama yao yuko Kisauni na mumewe. Ninalowaambia kwanza ni hili: asubuhi ya Idi iacheni, ina wenyewe.

Asubuhi hiyo mtoto ameizoea tangu hajajua kusema. Anaogeshwa, anavishwa kanzu mpya inayonukia udi, anashikwa mkono kwenda kuswali. Akirudi anakula kwa bibi yake, kisha anapita nyumba za jamaa kupokea mkono wa Idi. Ukimwondoa huko ili aje kwako muanze desturi yenu mpya, atakuja, kwa kuwa ni mtoto na hana uwezo wa kukataa, lakini moyo ameuacha kule. Na mama yake, aliyekesha akipiga pasi zile nguo, utakuwa umemtonesha bure.

Hapa kwetu kuna na jambo la mwezi. Nyumba moja hufuata mwezi ulioonekana popote duniani, nyingine husubiri tangazo la Kadhi Mkuu. Mwaka 2025 serikali ilitangaza Jumatatu, 31 Machi, kuwa sikukuu, na wapo waliokuwa wameshaswali Idi Jumapili. Kule Kisauni walikula Idi, sisi huku bado tumefunga. Yule binti wa mume wangu, mdogo wao, akapiga simu: “Mamdogo, kwani leo kwenu si Idi?” Nikamwambia kwetu ni kesho, kwa hiyo yeye ataila mara mbili. Alifurahi mno. Lakini kwa watu wazima wanaogawana watoto, siku ya namna hiyo huzua maneno: nani alisema Jumapili, nani alisema Jumatatu, nani kavunja ahadi.

Ndiyo maana desturi yetu tumeiweka Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Mwezi wowote uwe umeandama, Jumamosi haigombaniwi. Watoto hawana shule, na nguo mpya bado mpya. Tunaanza alasiri tukimaliza baada ya Magharibi, kwa sababu mama mkwe na shangazi wa watoto hufunga sita, zile siku sita za sunna baada ya Idi, na hawa hatutaki wakose. Wanafuturu na sisi.

Siku yenyewe ni ya jikoni, na jikoni ndipo nilipoona kazi hasa ya kuunganisha watoto. Kwetu tambi hukaangwa kwa samli mpaka ziwe nyekundu, zikatiwa maji, sukari, iliki na zabibu, zikashuka kavu, kila moja iko peke yake. Mwaka wetu wa kwanza yule binti alitia kijiko mdomoni, akakaa kimya, kisha akasema polepole, “Mama hutia tui.” Mezani kila mtu alinyamaza. Nikamuuliza, je, wajua anavyozipika? Akasema hajui, ila tumpigie. Tukampigia, simu ikawekwa juu ya meza ya jikoni, sauti wazi, na mama yake akatuelekeza: tui jepesi lichemke na tambi kwanza, tui zito litie mwisho, koroga usiache, wala usifunike sufuria, litakatika. Binti ndiye aliyeshika mwiko. Nilimsikia mamake akimwambia, “Mpe mamdogo aonje sukari.”

Tangu hapo Jumamosi hiyo ina sufuria mbili za tambi, na wanangu siku hizi huanza na zile za tui. Nawaomba sana akina dada wenzangu, mtoto akitaja chakula cha mamake msikione ni shindano. Anawaonyesha mlango wa kuingilia.

Baada ya hapo ni matembezi kando ya bahari pale Mama Ngina, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, madafu, na watoto kubishana ile meli inayoingia Kilindini inatoka nchi gani. Hili halihitaji ushauri, linajiendesha.

Nguo na pesa ndizo zinazohitaji akili. Sare msiikimbilie. Kitambaa kimoja familia nzima kinapendeza pichani, lakini kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kuona amevishwa ukoo asioutaka. Nguo za Idi za watoto wa mume nimemwachia mama yao, mimi hununua viatu, tena baada ya kumuuliza. Mkono wa Idi kutoka kwetu ni sawasawa kwa wote watano, noti mpya, bila kujali nani mkubwa. Kwa jamaa ni vigumu zaidi. Kuna mzee huwapa wajukuu wa damu, halafu wale wengine wamesimama pale pale wakitazama mkono unavyorudi mfukoni. Hilo huumiza, na mtoto halisahau. Anayepaswa kusema na mzee ni mtoto wake wa kumzaa, faraghani, kabla ya siku. Mkwe akisema yeye, inakuwa ugomvi. Mume wangu alisema na watu wake, mimi nikasema na wangu, na yakaisha.

Kwa waliofiwa nina neno la pekee. Wanangu, tangu babao alipofariki, huenda makaburini baada ya swala ya Idi kumsomea Fatiha na Yasini. Wapo walioninong'oneza kwamba sasa nina mume, niliache. Sikuliacha, na mume wangu hakuniomba niliache. Yeye ndiye anayewapeleka. Husimama nao, huitikia dua, kisha huwaacha peke yao kidogo akawasubiri langoni. Mwanamke anayeolewa na watoto mayatima na alizungumze hili kabla ya ndoa, waziwazi, wala asione haya. Jibu atakalopewa litamwambia mengi.

Na mipango yote hii haifanywi kumi la mwisho, watu wamechoka na hasira ziko karibu. Sisi tumeifanya ya vunjajungu. Mwisho wa Shaabani watu wakienda pwani kula kabla ya kufunga, nasi huenda ufuo wa Pirates na masufuria yetu, na watu wa Kisauni hualikwa. Watoto wakiwa majini, wazazi huandika kwenye karatasi moja: asubuhi ya Idi nani yuko wapi, mwezi ukitofautiana iweje, nani anunue nini, Jumamosi nani alete nazi. Kila upande huipiga picha karatasi kwa simu. Mwaka ambao mama yao hakuweza kuja, tulimtumia akaongeza yake na kuirudisha jioni ile ile.