Giza na taa moja: kasha la CD kwa albamu ya wavuvi wa dagaa

SWALI: Sisi ni bendi ya vijana wa Ujiji, Kigoma. Tumerekodi nyimbo 9 kuhusu uvuvi wa dagaa, kuanzia mitumbwi inapoondoka jioni mpaka kina mama wanapoanika asubuhi. Dizaina ametuletea jalada lenye machweo ya ziwa, sisi sote tumesimama mbele, jina la albamu kwa herufi za dhahabu. Linapendeza, ila hatuuoni usiku wala uvuvi. Tunataka nakala 300 za kasha la karatasi ngumu. Tufanyeje?

JIBU: Machweo hayo yangefaa albamu ya mapenzi, ya injili, hata ya utalii, na hiyo ndiyo kasoro yake. Nyimbo zenu zimesimama juu ya jambo moja: dagaa hufuata mwanga. Ndiyo maana mvuvi huingia ziwani wakati wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa kuwa taa yake hukosa nguvu. Jalada lenu ni giza na taa moja. Picha zenu zihamishieni ndani.

Kwa kuwa mmechagua kasha la karatasi, taa hiyo msiichape. Toboeni tundu. Kasha lina upana wa milimita 125 kwa 125, CD ina milimita 120. Wekeni tundu la milimita 8 upande wa juu wa jalada, kitovu chake kikiwa milimita 40 kutoka katikati ya kasha. Kisha kwenye CD yenyewe chapeni pete ya njano inayoanza milimita 32 kutoka katikati na kuishia milimita 48. Kwa nini pete, na si nukta? CD huzunguka ndani ya kasha, hivyo nukta ingepotea mara ya kwanza mtu anapoirudisha. Tena huchezacheza milimita mbili tatu kila upande, ndiyo sababu pete ni pana mara mbili ya tundu. Msikilizaji anapoivuta CD, taa inazimika kwenye jalada. Hapo kasha limeshaanza kusimulia kabla ya wimbo wa kwanza.

Njano hiyo iamueni mapema. Mwanga wa karabai ni wa joto: jaribuni wino wa majenta (waridi iliyokolea) asilimia 20 na njano asilimia 80, bila saiani (buluu ya mbingu). Kama nyimbo zenu zinazungumzia taa za sola za siku hizi, mwanga ni mweupe wa baridi, na njano itakuwa uongo kwa mvuvi yeyote wa Kibirizi, hapo Kigoma, atakayeishika CD hiyo.

Sehemu inayobaki ya CD iacheni na fedha yake, kwa sababu dagaa mbichi wana rangi hiyohiyo. Mwambieni mchapaji asitandaze rangi nyeupe ya msingi isipokuwa chini ya ile pete. Bila nyeupe, njano hugeuka shaba iliyofifia. Ulizeni pia ni CD za aina gani. Kwa nakala chache mara nyingi hutumika za kuchomwa (zinazorekodiwa moja moja kwa kompyuta), na nyingi huja na uso mweupe wa kuchapia. Mnahitaji zenye uso wa fedha.

Sasa giza, ambalo ndilo huharibika zaidi. Nyeusi peke yake kwa asilimia 100 ikijaza jalada zima hutoka kama kijivu kilichochoka. Iongezeeni saiani 60, majenta 40 na njano 40. Jumla ni asilimia 240, na usiku utakuwa na kina. Msivuke 300. Wino ukizidi haukauki upesi, makasha yakipangwa yanapakana rangi. Lakini maandishi meusi madogo popote pale yawe ya nyeusi tupu, maana rangi nne zisipokaa sawasawa herufi hutoka na vivuli. Maandishi meupe ndani ya giza yana shida ya kinyume: wino hutambaa na kuzijaza herufi. Tumieni fonti isiyo na vijimstari kwenye ncha za herufi, nene kiasi, isiyopungua pointi 8.

Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na mikunjo ipigwe mstari wa kubonyeza kabla ya kukunjwa, ikifuata uelekeo wa nyuzi za karatasi. Bila hivyo nyeusi hupasuka na kuonyesha mstari mweupe pembeni mwote, jambo linalovunja moyo kwenye kazi nyeusi kuliko nyingine yoyote. Lamineshini isiyong'aa, yaani utando mwembamba wa plastiki juu ya karatasi, husaidia. Ongezeni milimita 3 za rangi nje ya kila ukingo wa kukata.

Tundu hukatwa kiwandani kwa forma, yaani kisu chenye umbo la tundu. Bei yake ikiwashinda, kitoboleo cha fundi viatu chenye kipenyo hicho hufaa: gongeni juu ya ubao kabla kasha halijagundishwa, upande uliochapwa ukiwa juu, ili kingo za karatasi zilale ndani. Pancha ya ofisini haifiki mbali hivyo kutoka ukingoni. Nyuma ya jalada andikeni kwamba upande wenye maandishi hutazama mbele. Mtu akigeuza, vumbi litaingia tunduni na kukwaruza upande unaosomwa na mashine.

Karatasi ya maneno ya nyimbo ndiyo asubuhi yenu, hivyo iwe nyeupe, isiyong'aa, gramu 120. Kurasa sita zinatosha: ukanda wa karibu milimita 360 kwa 120 unaokunjwa mara mbili, sehemu inayoingia ndani ikiwa fupi kwa milimita 1 au 2, la sivyo itabinuka. Hapo ndipo picha zenu zikae, pamoja na za dagaa juani. Picha za usiku, kama mnazo, ziongezeeni mwanga kwenye maeneo ya giza, kwani simu huwaka na karatasi haiwaki.

Kwa mtandaoni tayarisheni faili tofauti la pikseli 3000 kwa 3000, rangi za skrini. Huko tundu halipo, hivyo taa ichorwe kubwa, kama sehemu moja ya nane ya upana wa jalada, na mwanga unaofifia kuizunguka. Ongezeni chembechembe hafifu kwenye mfifio huo, vinginevyo utaonekana kama ngazi. Kisha lipunguzeni mpaka upana wa kidole gumba kwenye simu, punguzeni mwanga wa skrini hadi nusu, na msome jina la albamu. Likikataa kusomeka, kuzeni herufi, taa msiiguse.