Maswali na Majibu: Alama Zinazopotea Katika Mtihani wa Hisabati

Barua kadhaa tulizopokea kutoka kwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao zinazungumzia mwanafunzi anayeielewa mada darasani lakini anapoteza alama katika mtihani kwa makosa ambayo yeye mwenyewe huyatambua mara tu karatasi inaporudishwa. Mwalimu wetu wa hisabati anajibu baadhi yake.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nikiwa nyumbani nafanya maswali ya aljebra bila taabu, lakini karatasi yangu ya mtihani hurudi na alama chache, na pembeni imeandikwa neno moja tu: "uzembe". Nimejitahidi kuwa makini zaidi, ila hali haibadiliki. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Neno hilo haliwezi kukusaidia sana kwa sababu halikuonyeshi ulipoteleza, na mtu anayeambiwa awe makini bila kuambiwa awe makini wapi huishia kuwa na hofu kila mahali. Makosa yanayoitwa ya uzembe hayatokei ovyo. Kila mwanafunzi ana mawili au matatu yake anayoyarudia mtihani baada ya mtihani, na akishayajua anaweza kuyasubiri pale yanapojitokeza. Kwa hiyo, kabla hujatafuta maswali mapya ya kufanya, zichukue karatasi zako za zamani, na kando ya kila alama uliyoikosa andika sababu yake bila kujionea huruma: ulikosea alama ya kutoa, ulinakili namba vibaya, hukusoma swali hadi mwisho, au hukuijua kanuni. Hilo la mwisho si uzembe hata kidogo, na dawa yake ni kusoma mada upya.

Kwa kuwa umetaja aljebra, ningeanza upekuzi kwenye alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano. Chukua mlinganyo huu:

5 − 2(x − 3) = 1

Wengi huandika 5 − 2x − 6 = 1, kisha wanapata x = −1. Wamezidisha 2 kwa 3 sawasawa, lakini wamesahau kwamba kinachozidishwa ni −2, na kwamba −2 mara −3 ni +6. Wengine hutoa kwanza, 5 − 2, wakaandika 3(x − 3) = 1, ilhali hiyo 2 imeshikamana na mabano na lazima izidishwe kabla ya kutoa. Njia sahihi ni 5 − 2x + 6 = 1, yaani 11 − 2x = 1, na x = 5. Sasa rudisha kila jibu mahali pake. Ukiweka 5 unapata 5 − 2(2) = 1, sawa kabisa. Ukiweka −1 unapata 5 − 2(−4) = 13, na hapo huhitaji mwalimu wa kukuambia kwamba umekosea. Uhakiki huo huchukua muda mfupi kuliko kuusoma mstari wako mara tatu. Jicho lililokosea mara ya kwanza hulisoma kosa lilelile kama jambo la kawaida.

Namba ndogo itakusaidia pia unapokuwa na shaka kuhusu kanuni yenyewe. Je, (x + 3)² ni sawa na x² + 9? Weka 1 mahali pa x: upande wa kwanza unakuwa 16, wa pili 10. Basi haiwezekani, na utakumbuka kwamba jibu ni x² + 6x + 9. Fanya vivyo hivyo unapotamani kukata 6 ya juu na 6 ya chini katika sehemu (x + 6)/6. Kinachokatwa ni kigawo cha namba yote ya juu, wala si kipande kilichojumlishwa tu.

SWALI: Katika mtihani tuliulizwa tutafute thamani za x ikiwa x² = 3x. Niligawanya pande zote kwa x nikapata 3. Nimeambiwa jibu halijakamilika. Kwa nini, wakati kugawanya pande zote kwa kitu kimoja kunaruhusiwa?

JIBU: Kunaruhusiwa endapo kitu hicho si sifuri, na hapa hukuwa na hakika, kwa sababu x ndiyo hasa unayoitafuta. Ulipogawanya kwa x uliitupa nje thamani moja bila kuiona. Hamishia kila kitu upande mmoja, x² − 3x = 0, kisha tafuta vigawo: x(x − 3) = 0. Sasa x ni 0 au 3. Kosa la ukoo huohuo ni kuandika kwamba x² = 16 ina jibu 4 pekee, na kuisahau −4. Na pale penye alama ya "ndogo kuliko" badala ya sawasawa, kugawanya kwa namba hasi hugeuza alama yenyewe, kwa hiyo −2x < 6 inatupa x > −3. Ukitaka kuthibitisha, weka 0: −2 mara 0 ni 0, ambayo kweli ni ndogo kuliko 6, na 0 ni kubwa kuliko −3.

SWALI: Mimi ni mzazi. Binti yangu ana kikokotoo kizuri na hukitumia vizuri kunizidi, lakini katika maswali ya pembetatu majibu yake hutoka ya ajabu. Anasema kikokotoo kimeharibika. Ninunue kingine?

JIBU: Ndugu mzazi, usinunue bado. Mwambie atafute sin 30. Kikileta 0.5, kipo katika nyuzi na tatizo lipo kwingine. Kikileta takribani −0.988, basi kimewekwa katika radiani, kipimo kingine cha pembe, na kinachotakiwa ni kubadili mpangilio tu. Awe na mazoea ya kufanya jaribio hilo kabla mtihani haujaanza.

Mabano nayo husahaulika sana kwenye kikokotoo. Anayetaka 12 igawanywe kwa zao la 2 na 3 lakini akabonyeza 12 ÷ 2 × 3 atapata 18 badala ya 2, kwa kuwa kikokotoo hufuata mpangilio kutoka kushoto. Vilevile, akibonyeza −3² bila mabano, vikokotoo vingi humpa −9, ilhali −3 ikizidishwa kwa yenyewe ni 9. Kikokotoo hujibu kilichoandikwa, si kilichokusudiwa, ndiyo maana inafaa kukadiria jibu kichwani kabla ya kubonyeza chochote.

SWALI: Je, nikiandika jibu sahihi bila kuonyesha njia ninapata alama zote? Na kuna ubaya gani kukadiria namba njiani ili kazi iwe nyepesi?

JIBU: Hutegemea maagizo ya karatasi, lakini swali la alama nyingi mara nyingi huwa na alama za njia pamoja na alama ya jibu. Ukionyesha njia na ukakosea hesabu ndogo mwishoni, msahihishaji ana kitu cha kukupa. Ukiandika jibu tupu na likawa na kosa, hana. Swali likisema "onyesha kwamba", jibu umeshapewa, na kinachotafutwa ni hatua zote za katikati, kwa hiyo usiruke hata ile unayoiona ndogo.

Kuhusu kukadiria njiani, tuseme eneo la duara ni sm² 50 na unaulizwa mzingo wake kwa desimali mbili. Nusu kipenyo ni takribani sm 3.98942. Mwanafunzi anayeikadiria kuwa 4 ili apumue atapata mzingo wa sm 25.13, wakati jibu ni sm 25.07. Acha namba kamili ndani ya kikokotoo, ukadirie mara moja tu, mwishoni. Na vipimo viangalie hapohapo: mita moja ina sentimita 100, lakini mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000.

SWALI: Tuliulizwa: "Idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa asilimia 20 ikafika 960. Ilikuwa ngapi awali?" Nilitoa asilimia 20 ya 960 nikapata 768. Kosa liko wapi?

JIBU: Asilimia 20 hiyo ni ya idadi ya awali, nawe umeichukua kutoka katika idadi mpya. Idadi mpya ni asilimia 120 ya ile ya zamani, kwa hiyo gawanya 960 kwa 1.2 upate 800. Ukiiongeza 768 kwa asilimia 20 unafika 921.6, na kipande cha mwanafunzi kingekushtua.

SWALI: Nikimaliza mtihani nikabakiwa na dakika kumi, nianze kuhakiki wapi?

JIBU: Anza kwa kusoma tena sentensi ya mwisho ya kila swali, wala si hesabu zako. Waliotafuta x wakasahau kwamba waliulizwa eneo ni wengi, na kosa hilo hurekebishwa kwa mstari mmoja. Baada ya hapo, rudisha majibu ya milinganyo mahali pake kama tulivyofanya hapo juu, kisha yatafute yale makosa yako mawili au matatu uliyoyaorodhesha. Usilifute jibu la zamani kabla hujapata lingine unaloweza kulithibitisha.

Dakika hizo kumi, hata hivyo, hupatikana mapema. Mtihani wa alama 100 kwa dakika 150 unakupa dakika moja na nusu kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 6 lisikuzidie dakika 9. Likikukwama, acha nafasi, endelea na linalofuata, na ulirudie baadaye.