Tairi la baiskeli ya milimani usilipime kwa kidole gumba, njoo tulipime kwenye mchanga wa Mtwara

Ndugu zangu mnaoendesha baiskeli za milimani huku kwetu kusini, Mtwara, Lindi, Newala mpaka Masasi, nina jambo nataka tuongee kwa kirefu kidogo. Tairi usiliamini kwa sababu muuzaji kasema ni la mbio, usiliamini kwa sababu mshkaji wako analisifia, na usiliamini hata kwa sababu wewe mwenyewe ukiwa juu yake unahisi unakimbia. Hiyo ya tatu ndo mbaya kuliko zote, mimi ilinipotezea karibu miaka miwili.

Nilikua na baiskeli ya inchi 29, matairi ya upana wa inchi 2.1 yenye kashata, yani vile vinundu vya mpira vinavyoshika ardhi, fupifupi zilizobanana katikati, yale wanayopenda watu wa krosi kantri, zile mbio za njia za porini, na nilikua najaza psi 45 (psi ndo kipimo cha presha ya upepo kwenye tairi) mbele na nyuma. Aliyejifunzia kwenye Phoenix ananielewa, tairi likibonyea kidogo tu unaambiwa kajaze upepo utaua rimu. Lami ya kwenda Mikindani ilikua raha tupu, ila nikiingia njia za mikorosho upande wa Naliendele baiskeli inatetemeka, kiti kinanigonga, mikono inakufa ganzi, na moyoni najua kabisa leo niko spidi kali. Siku moja mpwa wangu wa kidato cha tatu akaniuliza, mjomba, unajuaje kama hiyo ndo spidi? Sikua na jibu, basi tukaanza kupima.

Mimi sina ile mita ya kupima nguvu ya miguu wanayofunga kwenye pedeli, bei yake naijua na siiwezi. Tulichokua nacho ni kijimteremko kwenye njia ya shamba, juu udongo mwekundu mgumu, chini njia inaingia kwenye mchanga ule unaomeza kandambili. Nakaa juu ya baiskeli nimeshika shina la mkorosho, gurudumu la mbele liko kwenye mstari, naachia. Hakuna kupiga pedeli, hakuna kugusa breki, mwili unakaa vilevile kila mara, nguo zilezile, chupa ya maji imejaa vilevile, naiacha baiskeli iingie mchangani mpaka isimame yenyewe. Mpwa anachomeka kijiti usawa wa ekseli ya mbele halafu tunapima kwa kamba kutoka pale mchanga unapoanzia.

Psi 45 nilisimama mita 6 na kidogo. Psi 35 nikafika mita 8. Psi 26 mita 10 na nusu, mteremko uleule, mtu yuleyule, tairi lilelile. Kila presha tulirudia mara tano maana mara moja haikuambii kitu, kuna wakati gurudumu linaingia kwenye alama ya mwanzo linapita mbali kuliko haki yake, ndo maana kila nikishuka mpwa alikua anafagia mchanga kwa tawi la mkorosho mpaka alama zote zifutike. Usiruke hiyo hatua ya kufagia. Tulivyoiruka siku ya kwanza majibu yalikua vurugu tupu.

Lakini jaribio lililonibadilisha kabisa ni lile la kufichana. Nilimpa mpwa pampu na geji, nikakaa pembeni nimegeuka, yeye anaweka presha anayotaka, anaandika kwenye kaunta buku, haniambii. Mimi natelemka kwenye kipande kigumu chenye vijiwe na mizizi, bila kupiga pedeli, yeye anashika muda kwa simu, nikifika chini nasema hii ilikua na spidi au haikua na spidi. Tulifanya mara nane. Mara sita niliita tairi gumu ndo lenye spidi, na saa ikasema tairi gumu ndo lililochelewa. Nilikaa chini ya mkorosho nikaisoma ile kaunta buku mara mbili mbili. Yani kumbe ule mtetemo wote niliokua nauita spidi ulikua ni nguvu yangu inapotea.

Ukifikiria inaingia akilini. Tairi gumu likikutana na kijiwe haliwezi kukimeza, linapanda juu yake, na likipanda linanyanyua baiskeli na wewe mzima na kilo zako, halafu mnadondoka tena, na hilo linatokea mara nyingi sana kwenye mita 100 tu. Tairi lenye upepo wa wastani linakunjika pale kijiwe kilipo na wewe unaendelea mbele. Mchangani ni kesi nyingine, pale shida ni eneo la tairi linalogusa chini, na hilo unaweza kuliona kwa macho. Chukua masizi ya sufuria, paka kwenye kashata za tairi la nyuma, weka boksi chini, kaa juu ya baiskeli mtu akushikilie, halafu inuka utoe boksi. Alama yetu ya psi 45 ilikua fupi kama yai la kuku wa kienyeji, ya psi 26 ilikaribia mara mbili yake. Hesabu yake ni nyepesi, uzito uliokaa kwenye gurudumu ukiugawa kwa presha unapata takribani eneo linalobeba, kwahiyo presha ikishuka eneo linakua, na eneo likikua tairi linaelea badala ya kulima shamba la watu.

Sasa mambo yatakayokudanganya wakati wa kupima, maana yalinidanganya na mimi. La kwanza ni geji. Geji ya pampu ya gereji za boda ni ya matairi ya pikipiki na magari, kwenye psi 20 na kitu sindano inaweza kucheza huku na huku, tafuta geji yako ndogo moja na utumie hiyohiyo siku zote, hata ikiwa inakosea kidogo itakua inakosea vilevile kwa matairi yote. Angalia na vali, ile nene ya kama pikipiki na ile nyembamba hazitumii kichwa kimoja cha geji. La pili ni kusi. Kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa kumi upepo wa bahari ukishachangamka asubuhi unasukuma kifua chako kuliko tairi lolote linavyoweza kukusaidia, kwahiyo sisi saa kumi na mbili na nusu tulikua tumeshafika shambani na saa tatu tumemaliza. La tatu ni jua, tairi lenye psi 30 joto likipanda nyuzi 10 linaongezeka kama psi 1.5 bila wewe kugusa pampu, na ukiacha baiskeli juani huku unakunywa chai ukirudi unapima kitu kingine.

Na kama unalinganisha matairi mawili usipime la kwanza lote ukamaliza ndo uhamie la pili, pima la kwanza, halafu la pili, halafu la pili tena, halafu rudi la kwanza. Inachosha kufungua magurudumu, najua, ila ndo njia ya kujua kama la pili limeshinda kweli au ni kwa sababu njia ilikua imeshakanyagika.

Hilo la kulinganisha nililifanya baada ya kuagiza matairi mengine Dar, yameandikwa 2.25, kashata ndefu zilizoachana. Nilivyoyafunga nikaenda kwa fundi wa chuma akanipimia upana, ikaja milimita 54 wakati ubavuni pameandikwa 57-622, yani upana 57 na kipenyo cha rimu 622. Nikampigia muuzaji, akanijibu vibaya na akakata simu. Iliniuma, maana hela ya kuyanunua niliitafuta kwa muda. Baadae fundi ndo akanielewesha kwamba rimu yangu ni nyembamba, ndani ni milimita 19, na tairi hilohilo kwenye rimu pana linatanuka zaidi. Muuzaji angeniambia hivyo tu kwa upole tungemalizana.

Majibu yake? Kila tairi nililitafutia kwanza presha yake nzuri, kisha nikayashindanisha, maana kuyapa presha moja matairi yenye upana tofauti sio haki. Mchangani jipya lilishinda kwa chini ya mita moja. Chini ya mita moja, wakati kushusha upepo kwenye tairi la zamani kulinipa zaidi ya mita 4 bure. Ila kwenye kona zenye vumbi juu ya udongo mgumu, na kwenye kupanda ukiwa umesimama, kashata ndefu ziliniokoa kweli, gurudumu la nyuma halizunguki patupu. Kwahiyo mtu akiniuliza anunue nini namwambia kwanza shusha upepo, endesha mwezi mzima, ndo uniulize tena. Na kama unashinda kwenye mabonde ya Lukuledi kipindi cha tope, hapo ndo uangalie kashata zilizoachana, zile zilizobanana zinajaa tope zinakua kipara.

Kushusha nako kuna mwisho wake. Ukiwa na tyubu ndani usiende kama mimi niliyejaribu psi 18, kwenye mzizi wa kwanza rimu ilibana tyubu nikapata matundu mawili yamekaa sambamba, na solusheni niliiacha nyumbani, nikasukuma baiskeli kilomita 7. Mimi nina kilo 72, kwa tyubu naishia 24 mbele na 27 nyuma, nyuma siku zote juu kidogo kwa sababu ndo kunabeba zaidi. Tyubulesi, yani tairi lisilo na tyubu ndani, inakuruhusu kushuka zaidi ya hapo na inasaidia sana kwenye mbigili, ila kwa joto letu yale maji ya kuziba pancha yanakauka mapema, fungua uangalie kila baada ya miezi miwili.

Kwenye fremu nimebandika plasta nyeupe nimeandika kwa peni presha za lami, za udongo mgumu na za mchanga, ili nisibahatishe nikiwa na haraka. Juzi mpwa kaongeza mstari wa nne, kaandika "mchanga baada ya mvua" na pembeni kaacha wazi, maana mchanga ukilowa unashikana na hatujui bado kama namba zetu zitasimama. Tawi la kufagilia tumeliacha limeegemea ule mkorosho, mvua zikianza tunarudi.