Usiniambie "tutaelewana": jina na siku ya kutoka, basi

Ndugu yangu, nimesoma swali lako la namna ya kugawana kompyuta za maabara mpaka pale uliposema "sote ni watu wazima, tutaelewana kwenye grupu la WhatsApp", nikaiweka chai chini. Mashine nne, wanafunzi kumi na moja wa uzamili na uzamivu, na utaratibu wenyewe ndio huo. Hamtaelewana. Mie nilikabidhiwa mashine tatu na watu tisa, hapa hapa Unguja, na dokta aliyenipa funguo alinambia neno hilo hilo: "Nyinyi si watoto, mtaelewana." Akenda zake semina Ulaya. Aliporudi tulikuwa hatusalimiani.

Katika zile tatu, mbili zilifaa kuandikia barua na kucheza karata. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na kadi ya michoro (GPU), ile inayobeba hesabu nzito: NVIDIA RTX 3060, kumbukumbu GB 12, na sote tukiililia hiyo. Sasa fahamu kitu kimoja: kadi kama ile si sinia la pilau la shughuli, kwamba akija wa tano mnajibana. Kazi yako ikitaka GB 8 na ya mwenzako GB 8, ya pili inakufa pale pale. Kwa hiyo aliyeingia mwanzo ndiye mwenye mashine, mpaka apende mwenyewe kutoka.

Aliyeingia mwanzo alikuwa kaka mmoja wa uzamivu. Aliomba wiki moja. Nikasema sawa, kwa mdomo, tumesimama kwenye ngazi. Wiki ya pili namuuliza, ananambia "imebaki kidogo". Wiki ya nne bado imebaki kidogo. Nikenda kulalamika kwa dokta, akasema mwache, huyo anakaribia kumaliza. Dokta yule wanafunzi wake wote wanakaribia kumaliza, wengine wanakaribia tangu mie niko skuli.

Aliyekuwa akiumia ni dada mmoja wa Pemba, anasoma mikoko ya Micheweni kwa picha za setilaiti ya Sentinel-2. Picha zenyewe ni za bure, zinapigwa kila siku tano, nukta moja ni mita 10 kwa 10, lakini masika mawingu yanazila nyingi, kwa hiyo ilibidi akusanye za miaka kadhaa. Mzigo ule hauendi kwenye laptopu. Mie kwa busara zangu nikamwandikia zamu ya usiku. Anakaa kwa shangazi yake Fuoni, ana mtoto mchanga, na gari za usiku unazijua. Zamu alikuwa nayo kwenye karatasi tu, na mie nikijiona mwadilifu kwa sababu jina lake limo.

Wiki ya sita nikapandwa na hasira. Ijumaa baada ya sala nikaingia chumbani peke yangu, nikaandika nvidia-smi, amri inayoonyesha kazi zilizomo kwenye kadi, kisha ps nione mwenyewe ni nani. Kazi moja, imeijaza kadi yote, jina la akaunti: "lab". Sote tulikuwa "lab". Akaunti moja, neno la siri limebandikwa kwa plasta juu ya skrini. Nikajisemea huyu ni kaka tu, nani mwengine? Nikaizima mashine kwa kidole, nikaiwasha, nikarudi nyumbani najihisi kadhi.

Kumbe kaka alishatoka Jumatano ya wiki iliyopita. Alimhurumia yule dada akampisha kimya kimya, na hapakuwa na pahala pa kuandika kwamba kampisha. Kazi niliyoiua ilikuwa ya yule dada, siku ya tisa, imebakisha siku mbili, na programu yake haikuwa ikihifadhi chochote njiani. Ikabidi aanze upya. Akapitwa na tarehe ya kukabidhi tasnifu, akalipa ada ya muhula mzima mwengine. Laiti angenitukana. Alinitazama tu, akasema "haya, kaka". Mpaka leo tukikutana bandarini siku ya boti ya Pemba, mie ndiye ninayejificha nyuma ya mabegi.

Umeuliza na habari ya UPS, ile betri ya kushika mashine umeme ukikatika, ipi ununue. Umeme wetu unakuja kutoka bara kwa waya wa baharini, na aliyekuwepo Disemba 2009 mpaka Machi 2010 anaijua ile miezi mitatu ya giza, sikulaumu kuogopa. Lakini kazi ile haikuuliwa na umeme. Kuna UPS ya kuzuia kidole changu?

Basi shika hili: kazi haiingii kwenye mashine bila jina la mwenyewe na siku ya kutoka. Kila mtu akaunti yake, hiyo ya pamoja izikwe. Daftari likae pale pale pembeni ya mashine: nani, kaingia lini, anatoka lini. Siku ikifika, saa sita mchana kazi inasimama, hata ikiwa ya mpwa wa mkuu wa chuo, hata ikiwa imebaki kidogo. Anataka kuendelea, aende nyuma ya foleni. Ndiyo maana programu ya kila mmoja lazima ihifadhi ilipofika, kila saa, ili akirudi aanzie hapo. Asiyejua kufanya hivyo afundishwe kwanza, kabla hajapewa hata siku moja.

Baadaye sisi tuliweka Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi kwenye mashine, ni ya bure. Unaomba muda, ukiupita inakukata, na ukiipanga hivyo, aliyetumia sana siku za karibuni inamsogeza nyuma. Angalia tu, ukiiacha ilivyo haina kikomo cha muda, lazima ukiweke mwenyewe. Raha yake haina shemeji, na dokta hawezi kuipigia simu. Lakini usiisubiri hiyo, anza na daftari.

Uliuliza na jengine, nafikiri la vijana wa digrii ya kwanza. Na wao: jina, na siku ya kutoka.

Umesema mashine zinafika Jumatatu. Akaunti kumi na moja hazikumalizii hata asubuhi moja. Grupu la WhatsApp fungua pia, mtapeana Eid Mubarak.