Muulize Fundi: Pico imeungua, Z80 haiamki

SWALI: Fundi, salamu kutoka Nakuru. Nilitoa Z80A, ile prosesa ya zamani, na chipu ya kumbukumbu kwenye mashine mbovu niliyouziwa kwa kilo, nikaziunga moja kwa moja na Raspberry Pi Pico, kile kibao kidogo cha kompyuta. Pico ikafa. Nikaleta nyingine, safari hii nikaunga waya wa saa (ule wa mapigo yanayoiendesha Z80) peke yake, lakini Z80 iko kimya. Nayo imeungua?

JIBU: Pole kwa hasara, kijana wangu, ila hiyo Z80 usiitupe bado. Ni ukoo wa mwaka 1976, inakula volti 5. Pico ni ya 3.3, na miguu yake haikuundwa kupokea zaidi ya hapo. Wewe uliimwagia 5 kupitia nyaya za data.

Kutoka Pico kwenda Z80 hakuna balaa: volti 2 tu zinatosha Z80 isome moja, yaani "imewashwa". Isipokuwa mguu namba 6, wa saa. Huo una maringo, unataka angalau 4.4. Mimi hapa Kondele niliwahi kuupa 3.3. Asubuhi mtambo ulifanya kazi, nikamwita jirani aje aone. Kufika saa nane mchana, bati limepata joto, ukagoma mbele yake. Nilibadilisha Z80 mbili bure.

Nunua 74HCT04, chipu inayosikia 3.3 na kutoa 5, ipe volti 5, pitisha saa humo. Iwe HCT, ukiuziwa HC tupu rudisha, kwa sababu hiyo kwa volti 5 inadai 3.5 ndiyo isikie.

Kwa nyaya nane za data tafuta 74LVC245, chipu ya kupitisha ishara nane kwenda au kurudi, na uipe 3.3. Inavumilia 5 ikiingia, na inachotoa Z80 inakielewa, hivyo chipu moja inahudumia pande zote mbili. Mguu wa RD wa Z80 (wa kusoma), namba 21, ndio uiamulie igeukie wapi. Usiifungue ila Z80 inapoiita Pico, la sivyo itagombana na kumbukumbu kwenye waya uleule.

Halafu mita isikudanganye. Kwenye saa inayopanda na kushuka sawasawa inasoma wastani: sasa hivi, ukipima mguu wa 6, utaona kama 1.65. Ukishaweka HCT04 pima tena. Ikikaribia 2.5 na Z80 bado kimya, niandikie.