Fundi mmoja, miradi mitano: kuchangisha fedha pamoja kwa ajili ya elimu huria

Mradi mdogo wa elimu huria, yaani wa masomo ya kutumiwa na kunakiliwa bure, hapa Uganda hauanguki kwa kukosa maudhui. Programu ya Kolibri ina masomo ya kutosha, ile ya Kiwix inabeba Wikipedia nzima ya Kiswahili bila kuhitaji intaneti, na maktaba ya African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili, Kiluganda na lugha nyingine nyingi, zote kwa leseni huria. Mradi huanguka pale seva ya shule, kompyuta inayobeba masomo hayo, inapozimika na hakuna wa kuiwasha. Mfadhili alilipia vifaa, akalipia na semina ya walimu, lakini mshahara wa fundi haukuwamo kwenye bajeti.

Mradi wenye shule nane hauna kazi ya kumshughulisha fundi wa kudumu mwaka mzima, wala hauna uwezo wa kumlipa. Miradi mitano kwa pamoja ina vyote viwili. Ila msianze kwa kuandika andiko la kuomba ruzuku. Anzeni kwa kuhesabu saa za fundi, kwa sababu hapo ndipo miungano mingi huharibika kabla hata fedha hazijaingia.

Mwaka una wiki 52. Kwa saa 40 kwa wiki ni saa 2,080. Hizo si saa za kugawana. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Ongezeni sikukuu za taifa, tuseme siku 12, mtabaki na saa kama 1,800. Toeni tena 400 za kazi isiyo ya mradi wowote peke yake: kuhuisha programu, kujaribu nakala rudufu, kuandika miongozo, kukaa njiani kati ya Mbale na Gulu. Zinabaki 1,400. Kila mradi unapata saa 280 kwa mwaka, kama 23 kwa mwezi.

Sasa bei. Tuchukue mfano wa mshahara wa shilingi 2,500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwajiri anaongeza asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Ile asilimia 5 ya mfanyakazi na kodi ya PAYE hukatwa kwenye mshahara wenyewe. Kwa hiyo mwajiri anatoa 2,750,000 kwa mwezi, milioni 33 kwa mwaka. Wekeni milioni 6 za nauli na malazi, milioni 1.2 za bando na simu, milioni 2.4 za vipuri, kisha asilimia 8 kwa shirika litakalobeba uhasibu na ukaguzi. Jumla inafika milioni 46. Gawanyeni kwa 1,400: saa moja ni kama shilingi 33,000. Anayegawanya kwa 2,080 anapata 22,000, bei inayopendeza machoni mwa wafadhili, na ikifika mwezi wa nane mfuko umekauka.

Kila mradi uweke mstari uleule kwenye bajeti yake, kwa jina lilelile na bei ileile: huduma ya kiufundi ya pamoja, saa 280 kwa shilingi 33,000. Msiufiche chini ya gharama za utawala. Wafadhili wengi huweka kikomo kwa gharama hizo, na ndizo za kwanza kukatwa. Huduma yenye kipimo na bei husomwa kama kazi halisi ya mradi, na ndivyo ilivyo.

Mstari huo ni makadirio ya bajeti; mchango wenyewe usiwe sawa kwa wote moja kwa moja. Mgawanyo unaodumu ni theluthi moja ya gharama kulipwa sawasawa na kila mwanachama, na theluthi mbili kulipwa kwa saa zilizotumika. Wakilipa sawa tupu, mwenye shule tatu anajiona anamlisha mwenye shule ishirini. Wakilipa kwa saa tupu, kila mmoja anaogopa kumwita fundi mapema, anamwita kitu kikishaharibika kabisa.

Kwa upande wa wafadhili, wekeni jedwali moja ambalo wote wanaliona: jina la mfadhili, tarehe ya mwisho ya maombi, nani anazungumza naye, ameahidi nini. Miradi miwili ikimwendea mfadhili mmoja katika duru moja na bei mbili tofauti za fundi yuleyule, imani huondoka kwa wote watano.

Jambo la kulichunga kuliko yote ni saa moja kulipiwa mara mbili. Fundi akikaa asubuhi nzima akitengeneza mfumo unaotumiwa na miradi miwili, kila mradi una hamu ya kuiandika asubuhi hiyo kwenye ripoti yake. Mkaguzi akiliona hilo, fedha zinarudishwa. Kwa hiyo fundi ajaze jedwali la saa kila siku: tarehe, kazi, mradi, mfadhili, saa. Mwisho wa mwezi wawakilishi wawili wa miradi tofauti walitie sahihi.

Mwajiri awe mmoja, shirika lililosajiliwa, lenye akaunti ya pekee kwa mfuko huu. Michango ya NSSF na kodi ya PAYE hupelekwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata; mfadhili akichelewesha awamu yake, tarehe hiyo haisogei. Ndiyo maana akiba ya mishahara ya miezi mitatu ije kabla ya kumwajiri mtu. Angalieni pia Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016: shirika haliingii wilaya mpya bila idhini na hati ya makubaliano na serikali ya wilaya hiyo. Kwa makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Bidi Bidi, ombeni ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu mapema.

Hata hayo yote yakikamilika, fundi mmoja hawezi kutunza mifumo mitano ya aina tano. Kabla ya kuajiri, kubalianeni mfumo mmoja wa uendeshaji, toleo moja la Kolibri, aina moja ya kompyuta ndogo, na chaja za aina moja. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inafaa shule ndogo, lakini umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, kadi ya memori huharibika, na shule inabaki na kisanduku kisichowaka. Iwekeni kwenye betri ndogo ya akiba, tumieni diski ya SSD badala ya kadi pale fedha zinaporuhusu, na kila shule iachiwe kadi ya pili iliyokwisha kuandaliwa, ndani ya bahasha yenye maelekezo ya ukurasa mmoja. Mwalimu akiweza kubadilisha kadi mwenyewe, mmeokoa safari nzima ya fundi, na safari ndiyo gharama kubwa baada ya mshahara.

Maneno ya siri yakae kwenye hifadhi ya pamoja yenye wasimamizi wawili. Majina ya tovuti yasajiliwe kwa barua pepe ya shirika, kamwe si ya fundi. Na kwa kuwa fundi ataona taarifa za wanafunzi wa miradi yote, asaini ahadi ya usiri inayolingana na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019.

Mwisho, andikeni jinsi ya kutoka. Mradi unaotaka kujitoa utoe taarifa ya miezi mitatu, ulipe sehemu yake mpaka siku ya mwisho, na ukabidhiwe nakala kamili ya data yake pamoja na maneno yake ya siri ndani ya siku 14. Bei ya saa ihesabiwe upya siku hiyohiyo kwa wanachama waliobaki, kabla mwingine hajapeleka andiko lenye bei ya zamani.